Ruhusa ya Kuugua

Mhadhara kwa walimu, wazazi na viongozi wa Kata ya Maretadu, wilayani Mbulu

   

 Nimefanya kazi ya utabibu katika zahanati na vituo vya afya vya nyanda hizi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na leo nimeombwa nizungumze juu ya huduma za afya shuleni. Mada hiyo ni pana. Ndani yake kuna minyoo na kichocho, kuna macho na meno, kuna lishe, kuna hedhi, kuna chanjo. Nikiigusa yote tutaondoka hapa mikono mitupu. Kwa hiyo nimechagua ugonjwa mmoja, ule ambao karibu hakuna anayeuogopa: mafua.

Dhumuni langu ni moja. Nataka kuwashawishi kwamba shule inayomruhusu mtoto kuugua, inayomwambia "rudi nyumbani ulale, hakuna atakayekuchapa", imetoa huduma ya afya kubwa kuliko sanduku zima la dawa. Naanza na kisa.

Ilikuwa Julai, miaka kadhaa iliyopita, shule zikiwa na wiki moja tu tangu zifunguliwe. Asubuhi ya ukungu aliletwa zahanati mvulana wa darasa la tano, amewaegemea wenzake wawili, mmoja kila bega. Alikuwa ametembea kutoka nyumbani hadi shuleni, kisha kutoka shuleni hadi kwetu, na homa yake ilikuwa imepita nyuzi 39. Alivaa sweta la shule la buluu. Mkono wa kulia wa sweta hilo, kuanzia kiwiko hadi kwenye ncha, ulikuwa umekakamaa na kung'aa kama uliopakwa gundi, maana ndio aliokuwa akijifutia kamasi. Nikamuuliza kwa nini hakubaki nyumbani. Akajibu akiangalia chini: "Nitaandikwa mtoro."

Shule sitaitaja, na haina haja, kwa sababu jibu lile ningeweza kulipata katika shule nyingi. Mwalimu wake wa darasa alikuja baadaye na daftari la mahudhurio kwapani, amefadhaika. Jumatatu ile walikosekana watoto watatu. Jumatano tisa. Ijumaa ishirini na mmoja, na wale wawili waliompa mabega mwenzao walikuwa miongoni mwao. Wiki iliyofuata, usiku, nikampokea mama wa mvulana yule. Mgongoni alikuwa na binti wa miezi minane anayepumua kama aliyekimbizwa, mbavu zikibonyea ndani kila anapovuta hewa. Tulimpa rufaa usiku ule ule. Alikaa kwenye oksijeni siku kadhaa, akapona, Mungu ashukuriwe. Lakini mama yake aliniuliza swali ambalo sijalitua mpaka leo: "Daktari, huyu hajawahi kuvuka ua wa nyumba yetu. Kauokota wapi?"

Kaka yake ndiye aliyeuleta, juu ya mkono wa sweta.

Hoja ya kwanza: tumeyapa jina moja magonjwa mawili

Kiswahili chetu ni kitajiri, ila hapa kimetubania. Mtoto anayetoa kamasi, anapiga chafya, lakini anacheza na kula, tunasema ana mafua. Mtoto aliyelazwa na homa ya ghafla, kichwa kinamgonga, misuli na viungo vinamuuma, kikohozi kikavu, hata uji hautaki, naye tunasema ana mafua. Wa kwanza mara nyingi ana mafua ya kawaida, yanayoletwa na virusi vya aina nyingi na hupita yenyewe. Wa pili huenda ana homa ya mafua, yaani influenza, ambayo kirusi chake kilitambuliwa kwa binadamu mwaka 1933 huko London. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka influenza huwaangusha vibaya watu kati ya milioni 3 na 5, na kwamba kati ya watu 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yanayotokana nayo. Watoto wa chini ya miaka mitano wanaokufa kwa sababu hiyo, takriban wote wako katika nchi za kipato kama chetu.

Neno "homa" nalo lina mtego wake. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa alikuwa mtoto mwenye malaria, na tulimpa dawa ya malaria hata huku kwetu kwenye baridi. Mwaka 2008 watafiti waliwapima watoto 1,005 wenye homa katika vituo vya Dar es Salaam na Ifakara, sehemu zenye joto na mbu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Malaria ilionekana kwa takriban mtoto mmoja tu kati ya kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kwa watoto saba hivi kati ya kumi kulikutwa ugonjwa wa virusi. Kama hali ni hiyo Ifakara, fikirini Maretadu mwezi wa saba.

Nasema haya ili mwalimu asidharau. Ukisikia "mafua tu, mwalimu", mwangalie mtoto mwenyewe. Anacheza? Anakula? Homa ilianza polepole au ilimpiga ghafla? Huo ndio uchunguzi, na hauhitaji koti jeupe.

Hoja ya pili: ugonjwa huu unapenda msafara, na siku hizi misafara yetu mikubwa ni ya wanafunzi

Mwaka 1918, vita kuu ya kwanza ikielekea ukingoni, influenza iliingia Afrika Mashariki kupitia bandari na ikafuata njia za askari na wapagazi. Jeshi la Wajerumani lilipoweka silaha chini Novemba mwaka huo, askari na wapagazi wake walipelekwa kambini Tabora, na wengi waliokuwa wamenusurika risasi na njaa walifia pale kwa homa ya mafua. Wengi wa waliokufa mwaka ule, duniani kote, walimalizwa na nimonia iliyofuata nyuma ya mafua. Likumbukeni hilo, nitalirudia nikifika kwenye dawa.

Sasa tazameni mwaka 2009. Tarehe 11 Juni Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba aina mpya ya kirusi cha H1N1 imekuwa janga la dunia. Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza mwishoni mwa mwezi huo: mwanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza, aliyefika na wenzake Kisumu. Tanzania ilithibitisha wake Julai, naye alikuwa mwanafunzi aliyetoka Uingereza. Kabla mwaka haujaisha, ugonjwa ulikuwa umefika katika wilaya hii ya Mbulu. Wengi mliomo humu mnaukumbuka.

Nakumbuka zaidi hofu ya jina. Uliitwa "mafua ya nguruwe", na sisi huku nguruwe tunawafuga nyuma ya nyumba. Wazazi walinijia wakiuliza kama wawachinje au wawauze. Wengine waliacha nyama na wakaendelea kupiga chafya kwenye mikono na kusalimiana kwayo. Kirusi kile kilikuwa na nasaba ya nguruwe, ndiyo, lakini kilitembea kutoka mtu kwenda mtu, kwa hewa na kwa mikono. Nyama iliyoiva haikuwa na kosa. Jambo la kuogopa kwa nguruwe wetu ni minyoo ya tegu, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamelifanyia kazi hapa hapa Mbulu. Lile linahusu choo, nyama isiyoiva na nguruwe wanaozurura. Mafua yanahusu pumzi. Tukichanganya mawili hayo tunalinda mlango ambao mwizi hapitii.

Na angalieni kalenda yetu. Likizo ya katikati ya mwaka inakwisha, na mapema Julai watoto wanarudi kutoka kwa shangazi Arusha, kwa mjomba Babati, kutoka Katesh, kutoka Singida, kila mmoja na alichokivuta huko. Wanaingia madarasani katika wiki za baridi kali kuliko zote. Ulaya influenza ina msimu wake wa majira ya baridi. Katika nchi zilizo karibu na ikweta kama yetu, virusi hivi huzunguka karibu mwaka mzima, vikisubiri tu watu wasongamane. Kwetu msongamano huo una tarehe inayojulikana: siku ya kufungua shule.

Hoja ya tatu: ruhusa ni kinga, na daftari la mahudhurio ni kipimo

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kiini.

Mwenye influenza huanza kuambukiza siku moja hivi kabla hajajisikia mgonjwa, na huendelea siku tano hadi saba. Mtoto anaweza kuzidisha. Mtu atasema: kama anaambukiza kabla hajaugua, kumzuia nyumbani kunasaidia nini? Kunasaidia sana, kwa sababu siku tatu nne za mwanzo wa ugonjwa ndizo anazomwaga virusi kwa wingi kuliko siku nyingine zote. Ukimwondoa darasani siku hizo umemwondoa wakati ule ule ambao kikohozi chake kina madhara makubwa. Kanuni ninayowaomba muichukue ni hii: mwenye homa na kikohozi abaki nyumbani mpaka saa 24 zipite bila homa, na bila kupewa panadol ya kuificha homa hiyo.

Kwa nini hatufanyi hivyo? Siwalaumu walimu. Najua mwalimu mkuu anaulizwa asilimia ya mahudhurio na si asilimia ya wanaokohoa. Najua utoro ni tatizo la kweli, kuna watoto wanaopotelea machungani na kwenye mashamba ya vitunguu, na sheria inamtaka mzazi amlete mtoto. Najua Septemba kuna mtihani wa darasa la saba, na kabla yake kuna majaribio, na hakuna mwalimu anayetaka mtoto akose. Lakini tumefika mahali ambapo mtoto mgonjwa na mtoto mtoro wanaandikwa kwa alama moja na kukabiliwa na fimbo moja. Mtoto ana akili. Akiona hivyo, anachagua kuja na homa.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili yasiyogharimu hata shilingi moja.

La kwanza, daftari liwe na alama ya mgonjwa iliyo mbali kabisa na alama ya mtoro, na mtoto aliyeandikwa mgonjwa asiulizwe kwa ukali anaporudi. Taarifa ya mzazi itoshe. Si kila mzazi ana simu yenye salio au uwezo wa kwenda kutafuta karatasi ya zahanati kwa ajili ya mafua ya siku tatu. Jirani akileta neno, au kaka yake wa darasa la saba, lipokelewe. (Nasikia mwalimu mmoja pale mbele anasema watadanganya. Watakuwepo watakaodanganya, mwalimu wangu, na utawajua kwa sababu unawajua watoto wako. Aliyedanganya amepoteza siku yake moja. Aliyelazimishwa kuja na homa atawapotezea wenzake ishirini siku tatu tatu.)

La pili, daftari lisomwe. Kila shule ina kifaa cha kugundua mlipuko, na kinajazwa kila asubuhi kwa kalamu. Siku ile mwalimu aliponionyesha tatu, tisa, ishirini na mmoja, nilijiuliza maswali mengi, mojawapo ni hili: kama ningeiona ile tisa siku ya Jumatano yenyewe, ningefanya nini? Ningekuja shuleni na kipimajoto. Ningewatenga wenye homa, ningezungumza na wazazi wenye watoto wachanga, na huenda swali la yule mama lisingeulizwa. Ninaomba tukubaliane katika kata hii: wakikosekana watoto watano wa darasa moja kwa homa na kikohozi ndani ya siku mbili, mwalimu wa afya ampigie simu mganga wa zahanati siku hiyo hiyo. Idadi hiyo ya watano nimeiweka mimi kwa uzoefu wangu. Wataalamu wa wilaya wakitaka wawe wanne au saba, sawa. Kikubwa simu ipigwe Jumatano, isisubiri Ijumaa.

Sasa upande wa nyumbani, ambao lazima tuuseme kwa uaminifu. Kumrudisha mtoto nyumbani ni rahisi kwa maneno. Nyumbani kwenyewe mara nyingi hakuna mtu. Baba na mama wako shambani, bibi yuko na mjukuu mdogo, na mdogo huyo ndiye aliye hatarini zaidi. Na kwa watoto wengine uji wa shuleni ndio chakula cha mchana, hivyo kukosa shule ni kukosa chakula. Mzazi, ukimwachia mtoto uji kwenye chupa ya chai na maji ya kunywa karibu yake, umeshampa dawa. Alale peke yake kama nafasi ipo; kama haipo, wasilale uso kwa uso, walale mzungu wa nne kama tulivyolala sisi utotoni. Asimbebe mdogo wake. Kazi hiyo huwaangukia mabinti, kwa hiyo nawaambia akina mama waziwazi: binti mwenye homa asivishwe mbeleko.

Hoja ya nne: dirisha halifunguki bila sweta

Vitabu vya afya vyote vinasema tufungue madirisha. Ni kweli. Matone na chembe ndogo za pumzi ya mgonjwa hukaa katika hewa ya chumba kilichofungwa, na hewa ya baridi na kavu huvipa virusi maisha marefu zaidi. Lakini aliyeandika "fungua madirisha" huenda hajakaa kwenye darasa la Maretadu saa moja na nusu asubuhi mwezi wa saba, ukungu ukiingia mpaka kwenye ubao. Nimeingia madarasa ambayo watoto wenyewe wameziba nafasi za vioo kwa maboksi na magunia ya mbolea. Nani awalaumu? Wanatetemeka.

Kwa hiyo nageuza ushauri. Anzeni na sweta, dirisha litafuata. Ninaziomba kamati za shule ziruhusu, kuanzia Juni mpaka Agosti, sweta la rangi yoyote, koti la mtumba, kofia, soksi mbili, hata shuka juu ya sare. Mtoto ambaye mzazi wake hana fedha za sweta rasmi asivuliwe la kaka yake lililo jekundu. Watoto wakipata joto mwilini, mwalimu anaweza kufungua dirisha moja upande huu na jingine upande wa pili ili hewa ipite, angalau dakika chache kila kipindi kinapobadilika. Dakika hizo zikiisha, maboksi yarudi kwenye madirisha ya upande upepo unakotoka, upande wa pili uwe wazi.

Idadi ya watoto darasani nayo ni habari ya afya. Kiwango cha taifa kwa shule za msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa, nanyi mnajua mko wangapi. Tulipopata UVIKO-19, serikali ilipata mkopo nafuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000 nchini: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Wengi tuliyaona kama habari ya elimu tu. Mimi nilipoyaona nilisema hizi ni zahanati 15,000, kwa sababu kila meza inayosogezwa mbali na nyingine ni pumzi chache zaidi zinazopotea kabla ya kufika puani mwa jirani. Nazipongeza nguvu za wananchi mlizotoa katika ujenzi wa aina hii, mawe, mchanga na maji. Endeleeni kujenga mkijua mnajenga mapafu ya watoto.

Kwa shule za bweni neno ni fupi: vitanda vipangwe kichwa cha huyu kikielekea miguu ya yule, na kila bweni liwe na kona au chumba cha wagonjwa, hata kiwe stoo iliyosafishwa, yenye dirisha.

Hoja ya tano: ndoo na kikombe

Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 kuthibitishwa nchini, shule zilifungwa. Tarehe 29 Juni zilipofunguliwa zote, kila lango lilikuwa na ndoo ya koki, sabuni na foleni. Ndoo zile ziko wapi leo? Nyingine zimepasuka, nyingine zimepelekwa jikoni. Hatuhitaji kungoja ugonjwa mwingine wenye jina kubwa ndipo tuzirudishe. Kibuyu chirizi hutengenezwa na watoto wenyewe kwa dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyagia na msumari wa moto wa kutobolea. Mkono haugusi dumu. Kipande cha sabuni kilichokatwa kwenye mche kitundikwe ndani ya soksi kuukuu, hakitapotea wala kuyeyuka chini.

Na kikombe. Nendeni leo mkaangalie nyuma ya mlango wa darasa. Mtakuta ndoo ya maji ya kunywa na kikombe kimoja cha plastiki kinachotumiwa na darasa zima, kinachochovywa na vidole vyake. Kila mtoto aje na chupa yake, hata iliyokuwa ya juisi, yenye jina lake kwa kalamu ya wino mzito. Hilo halihitaji bajeti.

Hoja ya sita: dawa, na mahali pa kuogopa kweli

Influenza ni kirusi. Kapsuli za rangi mbili hazikiui, wala amoksilini haikiui. Tunapozinunua duka la dawa kwa kila kikohozi tunaua vijidudu visivyohusika na kuvifundisha vilivyobaki kuzizoea dawa. Siku nimonia ya kweli ikija, ile iliyowamaliza watu wa 1918, tutakuta silaha imepoteza makali. Mtoto mwenye mafua anahitaji kupumzika, vinywaji vya kutosha, chakula anachokiweza, na panadol ya homa kwa kipimo cha umri wake. Aspirini asipewe, kwa mtoto mwenye influenza inaweza kuleta madhara makubwa ya ini na ubongo. Kitunguu saumu chetu, tangawizi na chai ya moto sina ugomvi navyo, vinatuliza koo. Kujifukiza sikupendekezi kwa watoto, nimetibu majeraha ya maji ya moto yaliyomwagika.

Mkimbizeni mtoto kituoni, usiku au mchana, akipumua haraka haraka, mbavu zikibonyea, midomo ikibadilika rangi, akishindwa kunywa, akichanganyikiwa, akipata degedege, au homa ikiondoka kisha ikarudi kwa nguvu na kikohozi kizito. Hilo la mwisho huwapita watu wengi, wakidhani ni mafua mapya. Na msisubiri hata kidogo kwa mtoto mwenye pumu, mwenye selimundu, mwenye upungufu wa kinga au mwenye utapiamlo. Mwalimu wa afya awajue watoto hao kwa siri, kwa makubaliano na wazazi wao, bila orodha ya kubandikwa ukutani.

Chanjo ya influenza ipo duniani, hubadilishwa kila mwaka kwa sababu kirusi nacho hubadilika, lakini haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto wetu. Tulizonazo ni zile zinazozuia ndugu zake wabaya: chanjo ya nimokoki iliyoanza nchini mwaka 2013, na ile ya pamoja yenye kinga dhidi ya bakteria wa Hib. Zinatolewa bure kliniki kwa watoto wachanga. Naomba walimu wa darasa la awali na la kwanza, siku ya kuandikisha, waulize kadi ya kliniki na kuangalia kama wadogo wa mtoto huyo wamekamilisha. Shule imeshaonyesha inaweza kazi hiyo: tangu 2018 mabinti wanachanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, na shule zimekuwa mlango wa kuwapatia, na kabla ya hapo walimu wenyewe waligawa dawa za minyoo na kichocho, kidonge kwa kidonge, wakiwapima watoto urefu kwa fito.

Kuhusu gharama za matibabu, kaya isiyo na bima ya afya naishauri ijiunge nayo kabla ya msimu wa baridi, si mtoto akiwa tayari mgongoni.

Kuelekea Julai

Mheshimiwa Diwani, nimezungumza sana na naomba nimalizie kwa ombi la kazi. Kabla shule hazijafungwa kwa likizo ya Juni, walimu wa afya wa shule zote za kata wakutane na mganga wa zahanati kwa siku moja. Waandike namba za simu za kila mmoja, wakubaliane alama ya mgonjwa kwenye daftari, na wachague shule mbili za kuanza nazo jambo la sweta la rangi yoyote ili tuone linavyokwenda. Kamati za shule zinunue miche ya sabuni kutoka katika fedha za uendeshaji na ziandike kwamba zimenunua. Wanafunzi mlioko nyuma, vibuyu chirizi ni vyenu. Nataka kila darasa liwe na chake, na darasa la sita liwafundishe wa darasa la tatu.

Mkiniruhusu, nitarudi wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa. Nitaomba nionyeshwe daftari la mahudhurio la darasa la tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Nikikuta ndani yake watoto wanane walioandikwa wagonjwa Jumatatu, na wanne Ijumaa, nitakaa na mwalimu wa darasa hilo na kumsikiliza alivyofanya, ili mwakani asimame yeye hapa niliposimama mimi.

 Sasa ni zamu ya maswali, na la kwanza ningependa litoke kwa yule binti mwenye kitambaa cha njano, ambaye ameinua mkono tangu nilipotaja sweta.